Paladini Aliyeanguka

Vijana wa kipaimara hutuuliza mambo ambayo hatukuyasoma chuo cha theolojia. Mmoja alitaka kujua kama mchezo uitwao Dungeons & Dragons ni wa shetani. Badala ya kumjibu papo hapo, tulitafuta kanuni zake tukazisoma.

Mchezo huo ulichapishwa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Watu huketi mezani, kila mmoja akimwongoza mhusika wake katika hadithi, na dadu huamua kama upanga umefika. Mwanzoni mhusika aliwekwa upande mmoja kati ya mitatu: Sheria, Machafuko, au katikati. Wazo hilo lilitoka katika riwaya, hasa za Poul Anderson na Michael Moorcock. Mwaka 1976 Gygax aliongeza mstari wa pili, wa wema na uovu, na kitabu cha wachezaji cha 1978 kikawa na misimamo tisa. Sasa mtu aliweza kushika sheria zote na bado akawa mwovu. Sisi watu wa kanisa tusijifanye kushangaa.

Kitabu cha msimamizi cha 1979 kilimtaka afuatilie matendo ya kila mhusika na kuyatia alama kwenye chati. Aliyejiita mwema huku akiua wafungwa alihamishwa msimamo, na kuhama kulimgharimu daraja moja. Yaani matendo ndiyo yaliyomfanya mtu. Martin Luther alishindana na fikra hiyohiyo mwaka 1520, katika kijitabu chake kuhusu uhuru wa Mkristo. Kwake mtu hutangulia, matendo hufuata kama matunda yafuatavyo mti.

Lakini kilichotushika ni paladini, askari mtakatifu anayeponya kwa kuwekea watu mikono. Kwa kanuni za 1978, akivunja utaratibu alipaswa kuungama kwa kasisi na kutimiza kitubio. Akitenda uovu kwa kujua na kwa hiari, alipoteza upaladini wake palepale, wala hakuwa na njia ya kurudi. Alibaki mpiganaji wa kawaida mpaka kufa.

Tuliposoma hapo tuliwakumbuka washarika waliorudi kundini, wakapewa mkono mbele ya madhabahu, na miaka kumi baadaye bado wanatajwa kwa kosa lao. Katika katiba ya kanisa letu hakuna kanuni kama hiyo. Tumeitunga wenyewe, nje, baada ya ibada.

Toleo la mchezo la mwaka 2000 lilimruhusu paladini aliyeanguka kufanya malipizi na kurejeshewa nguvu zake. Tulipomweleza yule kijana, alisema anaipenda zaidi kanuni ya zamani, kwa kuwa ilimfanya paladini aogopwe. Mama mmoja wa kwaya, aliyekuwa akikunja majoho karibu nasi, aliuliza hiyo mpya ilianza lini.