Kibra, Woodley, Adams: Majina ya Mahali na Historia ya Utawala Magharibi ya Nairobi

Makala haya yanakusudia kuichunguza historia ya eneo moja dogo la magharibi ya Nairobi, lile linaloizunguka Adams Arcade, kwa kuyafuata majina yake. Wanahistoria wameandika mengi juu ya eneo hili kwa kutegemea majalada ya serikali. Lakini jina la mahali nalo ni jalada, na pengine huhifadhi yale ambayo karani hakuona haja ya kuyaandika.

Kwanza tuitazame ardhi yenyewe. Barabara ya Ngong yatoka katikati ya jiji na kuelekea magharibi, upande wa vilima vya Ngong. Kusini mwa barabara hiyo, nyuma ya maduka ya Adams na nyumba za Woodley, ardhi huteremka hadi bonde la mto Motoine, ambao humimina maji yake katika Bwawa la Nairobi. Mteremko huo, unaokatwa na reli iendayo Kisumu, ndio Kibra.

Katika majina matatu tunayoyachunguza, Kibra ndilo lililotangulia. Ni neno la Kinubi, lugha ya krioli iliyozaliwa na Kiarabu cha kambi za askari wa Sudani, nalo lina maana ya msitu au pori. Askari hao walioingizwa katika majeshi ya Waingereza, na baadaye katika King's African Rifles, walianza kukaa hapo mnamo 1904. Mwaka 1918 serikali ya kikoloni ilitangaza rasmi ekari 4,197 kuwa ardhi ya jeshi. Aliyemaliza utumishi wake alipewa kibali cha kukaa na kulima. Kibali, si hati ya kumiliki: katika tofauti hiyo ndimo ulimolala mgogoro wa karne nzima.

Hadi 1928 eneo hilo lilitawaliwa na jeshi. Mwaka huo likakabidhiwa kwa utawala wa kiraia. Tume ya Ardhi iliyoongozwa na Bwana Morris Carter, ambayo ripoti yake ilitoka 1934, iliamua kwamba Wanubi walikuwa wapangaji wa Serikali tu, wanaokaa kwa ridhaa yake. Wakati huohuo Nairobi ilikuwa ikikua: ilikuwa manispaa tangu 1919, ikawa jiji mwaka 1950, na mwaka 1963 mipaka yake ikapanuliwa hata ikameza Dagoretti, Karen na Lang'ata.

Majina mawili yaliyosalia ni matunda ya ukuaji huo. Woodley, mtaa uliojengwa kwa ajili ya Wazungu juu ya sehemu ya ardhi ya Kibra, ulipewa jina la meya wa Nairobi wa zama za ukoloni. Adams Arcade ilijengwa katika miaka ya 1950 na mfanyabiashara Abdul Habib Adam, ikaitwa kwa jina lake. Hivyo, katika mwendo wa dakika chache kwa miguu, msafiri hupita katika jina la askari, la mtawala na la mfanyabiashara. Wenye matatu wameshalikata hilo la mwisho: kwao ni "Adams" tu.

Turudi kwa Kibra, kwa maana jina hili lilibadilika likawa Kibera. Mwanafonolojia atasema upesi kwamba irabu imepachikwa kuvunja mfuatano wa konsonanti, kama bahr ilivyokuwa bahari. Maelezo hayo ni sahihi, lakini hayatoshi. Kiswahili huivumilia sauti hiyo katika Februari na breki, wala hakikulazimika kuibadili hapa. Jambo lenye uzito zaidi ni kwamba Kibera, kwa ki- yake ya mwanzo na silabi zake wazi, huonekana kama jina lolote la Kibantu. Asikiaye hana sababu ya kuuliza lilitoka wapi, na asipouliza hilo hataulizia walioleta neno. Ndiyo maana Wanubi wameshikilia Kibra. Kwao irabu ile moja si suala la matamshi, bali la nani alifika na kwa idhini gani.

Baada ya uhuru ardhi iliendelea kuwa ya Serikali, na ruhusa ya kujenga ilipitia kwa machifu. Wageni waliongezeka, vibanda vya kupangisha vikazidi, na Wanubi wakawa wachache katika makao yao. Hata hivyo madai hayakufa. Jimbo jipya la uchaguzi lililopiga kura kwa mara ya kwanza mwaka 2013 liliitwa Kibra, na mwaka 2017 jumuiya ya Wanubi ilikabidhiwa hati ya ekari 288. Kutoka 4,197 hadi 288: hiyo ndiyo hesabu ya makala haya.

Jimbo hilo lina wadi tano: Laini Saba, Lindi, Makina, Sarang'ombe, na Woodley/Kenyatta Golf Course. Katika hiyo ya mwisho meya wa kikoloni na Rais wa kwanza wa Jamhuri wametenganishwa na mkwaju mmoja tu, nao wote wawili wamo ndani ya Kibra. Watu waliolipa pori jina lao walikaa kwa muda mrefu bila ya hati yoyote ya kuonyesha, isipokuwa jina hilo. Sisi wanafunzi wa lugha tusingojee hati nyingine ndipo tulisome.