Devadasu ya 1953: Riwaya ya Kibengali katika Sinema ya Kitelugu

Filamu ya Devadasu, iliyoanza kuonyeshwa tarehe 26 Juni 1953, ni miongoni mwa kazi zilizoipa sinema ya Kitelugu heshima yake. Watazamaji wengi wa Afrika Mashariki wanaijua hadithi hiyo kupitia filamu za Kihindi, hasa ile ya mwaka 2002 iliyochezwa na Shah Rukh Khan, lakini kwa Watelugu, watu zaidi ya milioni 80 ambao wengi wao wanaishi katika majimbo ya Andhra Pradesh na Telangana, Devadasu ni mmoja tu, naye ni Akkineni Nageswara Rao.

Asili ya hadithi hiyo ni riwaya ya Kibengali ya Sarat Chandra Chattopadhyay, iliyoandikwa katika ujana wa mwandishi na kuchapishwa mwaka 1917. Inasimulia habari za kijana wa ukoo wa zamindar, yaani mabwana wa ardhi waliokusanya kodi za wakulima, ambaye anampenda Parvati, binti wa jirani waliyekua pamoja, lakini anakosa uthabiti wa kuwakabili wazazi wake wanaoudharau ukoo wa binti huyo. Parvati anaozwa kwa mzee mjane mwenye mali, naye kijana anazama katika ulevi, akitunzwa na Chandramukhi, mchezaji ngoma wa nyumba ya starehe anayempenda bila kupendwa, hadi anapokuja kufia mlangoni pa nyumba ya Parvati. Kabla ya Watelugu kuigusa, hadithi hii ilikuwa imekwisha kupita katika filamu bubu ya mwaka 1928, kisha katika filamu mbili za mwongozaji P. C. Barua, ya Kibengali, mwaka 1935, na ya Kihindi, mwaka 1936, ambamo K. L. Saigal aliigiza na kuimba kwa sauti yake mwenyewe.

Hata hivyo, Watelugu hawakumjua Sarat Chandra kwa njia ya sinema peke yake, na jambo hili linastahili uzito zaidi kuliko linavyopewa kwa kawaida. Mwandishi aliyejulikana kwa jina la Chakrapani, alipokuwa akitibiwa kifua kikuu katika hospitali ya Madanapalle, alijifunza Kibengali na baadaye akazifasiri kazi za Sarat Chandra kwa Kitelugu kwa ustadi ambao uliwafanya wasomaji wengi wamhesabu Mbengali huyo kuwa mwandishi wao. Kwa hiyo filamu ilipotoka iliwakuta watu ambao tayari walikuwa na huzuni ya Devadasu vifuani mwao.

Kampuni iliyoitayarisha, Vinoda, ilikuwa ya D. L. Narayana na wenzake waliokuwa wasanii wenyewe: Samudrala Raghavacharya, mtunzi wa maneno, C. R. Subburaman, mtunzi wa muziki, na Vedantam Raghavayya, aliyeiongoza filamu. Raghavayya alilelewa katika sanaa ya Kuchipudi, tamthilia ya ngoma inayoitwa kwa jina la kijiji cha Andhra ilikozaliwa, ambamo mchezaji husema kwa macho na vidole kabla ya kusema kwa kinywa, na malezi hayo yanaonekana katika namna anavyowaacha waigizaji wake wanyamaze mbele ya kamera bila haraka. Subburaman alifariki mwaka 1952, angali kijana na kazi haijaisha, ikabidi wasaidizi wake, M. S. Viswanathan na T. K. Ramamoorthy, waikamilishe.

Nguvu kubwa ya filamu hii imo katika nyimbo zake. Katika sinema ya India ya wakati huo ulikuwa umeenea utaratibu wa mwimbaji kurekodi wimbo studioni, naye mwigizaji akaufuatisha kwa midomo mbele ya kamera, na hapo Devadasu akawa mtu mmoja aliyeumbwa na wawili, sura ya Nageswara Rao na sauti ya Ghantasala, ambayo haililii mapenzi bali inayatafakari kama mtu aliyekwisha kata tamaa. Nageswara Rao, mtoto wa wakulima wa wilaya ya Krishna aliyeanzia jukwaani akicheza nafasi za kike, alikuwa akijulikana hasa kwa filamu za ngano na mashujaa, na wapo waliotilia shaka kama angeweza kuubeba mzigo huu. Yeye mwenyewe alisimulia kwamba matukio ya ulevi yalipigwa usiku, baada ya kushiba wali kwa mtindi, ili usingizi uyalemeze macho yake; hakuhitaji pombe.

Savitri, aliyecheza Parvati akiwa bado msichana, ndiye anayeipa filamu uti wa mgongo. Parvati wake analia, lakini pia anaamua: anakwenda usiku kwa kijana kumtaka asimame, na anapoozwa anaishika nyumba ya mume mzee kwa heshima inayomfanya Devadasu aonekane mdogo. Wengi huikumbuka filamu hii kwa mlevi wake, na kwa kufanya hivyo wanampunja binti huyu.

Wakati wenyewe nao uliipa kazi hii maana ya ziada. Filamu za Kitelugu zilitengenezwa Madras, mji ambao sasa unaitwa Chennai, katika jimbo lililowachanganya Watamili na Watelugu, ndiyo maana toleo la Kitamili lilitoka mwezi Septemba mwaka huohuo. Mnamo Desemba 1952 Potti Sriramulu alikufa kwa kufunga kula akidai jimbo la Watelugu, na jimbo la Andhra likazaliwa tarehe 1 Oktoba 1953, miezi mitatu tu baada ya filamu kuanza kuonyeshwa. Pombe ilikuwa imepigwa marufuku na sheria za Madras, na mzozo juu ya marufuku hiyo, uliowagusa sana wagema wa tembo, ndio ulioiangusha serikali ya kwanza ya Andhra mwezi Novemba 1954. Watu walimlilia mlevi ukumbini katika jimbo ambalo ulevi ulikuwa kosa la jinai.

Nageswara Rao, kwa kuogopa kufungwa katika nafasi za msiba, alikubali nafasi ya kuchekesha katika Missamma ya mwaka 1955, filamu iliyotokana na kampuni ya Chakrapani yuleyule na ambayo Savitri aliipamba tena. Mwaka huohuo Bimal Roy alitoa Devdas yake ya Kihindi akiwa na Dilip Kumar, na mwaka 1974 Vijaya Nirmala aliirudia hadithi kwa Kitelugu, Krishna akiwa Devadasu, bila kuifikia ile ya kwanza. Nageswara Rao alifariki tarehe 22 Januari 2014. Mwaka 2018, filamu ya Mahanati ilipoyasimulia maisha ya Savitri, aliyecheza nafasi ya Nageswara Rao alikuwa mjukuu wake, Naga Chaitanya. Msomaji anayeijua hadithi hii kwa Kihindi pekee aitafute ya mwaka 1953, na amtazame Parvati kwanza.