Radi na Ufundi wa Redio katika Nyanda za Kajiado

Redio ya ridhaa ilikuwapo Kenya tangu ukoloni, vituo vyake vikitambulishwa kwa ishara ya wito inayoanza na VQ4. Baada ya uhuru wa 1963 vikapewa 5Z4. Tatizo kubwa la vituo vya nyanda wazi kama za Mashuuru, Kajiado, ni radi, kwa kuwa mlingoti wa antena mara nyingi huwa mrefu kuliko kila kitu kilicho karibu. Wamaasai walikuwa na maelezo yao ya ngurumo muda mrefu kabla ya redio: masimulizi aliyoyachapisha A. C. Hollis mwaka 1905 yanamtaja Mungu mwekundu anayetaka kuwaangamiza watu na Mungu mweusi anayemzuia.

Redio za vali ziliistahimili radi sana. Vali hufanya kazi kwa mamia ya volti, hivyo mshtuko uliopita kwenye antena uliishia kuunguza koili ya mwanzo au rezista. Fundi aliuona uharibifu kwa macho, akaunusa, akaisuka koili upya. Transista zilizoenea miaka ya 1960 zilibadili kazi hiyo kabisa. Hizo hutumia volti chache, na radi iliyopiga mbali kidogo hutoboa viungo vyake vya ndani bila kuacha alama. Tangu hapo mita ikawa muhimu kuliko jicho. Transista nyingine haifi siku hiyo. Hudhoofika, ikafa wiki kadhaa baadaye.

Uzito wa ufundi huu ulidhihirika zaidi nje ya redio ya ridhaa. Shirika la madaktari wa ndege la AMREF, lililoanzishwa Nairobi mwaka 1957, liliunganisha hospitali za mashambani na uwanja wa ndege wa Wilson kwa redio za mawimbi mafupi. Redio iliyopigwa na radi ilimaanisha mgonjwa asiyeweza kuitiwa ndege.

Kinga ni waya wa ethi uliofungwa kwenye fimbo ya shaba ardhini, lakini udongo mweusi wa Kitengela huuhujumu. Kiangazi hupasuka na kuachana na fimbo hiyo, na dhoruba za kwanza za Oktoba au Machi huukuta bado mkavu. Ndiyo maana fimbo kadhaa zilizounganishwa hufaa kuliko moja, na kuichomoa antena mapema hufaa kuliko zote.

Radi ikishapiga, baada ya kulehemu vipuri vipya, kebo ya antena nayo hukaguliwa: tundu dogo lililochomwa na radi huingiza maji ya mvua, na transista za kurushia mawimbi huungua upya.