Lafudhi ya Birmingham Mbele ya Sikio la Hukumu

Samuel Johnson, aliyetoa kamusi yake maarufu ya Kiingereza mwaka 1755, alizeeka na lafudhi, yaani namna ya kutamka inayofichua asili ya mtu, ya mji wa Lichfield ulio jirani na Birmingham, na waliomtania kwa ajili yake hawakumwondolea heshima ya msomi. Katika karne ya 19 shule za bweni za matajiri zilieneza matamshi ya aina moja, yaliyohesabiwa kuwa sanifu, ambayo mwanafonetiki Daniel Jones aliyaingiza katika kamusi ya matamshi mwaka 1917, na BBC, idhaa ya utangazaji iliyoanzishwa mwaka 1922, ikayafanya sauti ya habari nchini kote. Birmingham, mji wa viwanda vya chuma, bunduki na baadaye magari, uliojaa vibarua kutoka vijijini, Ireland na, baada ya vita vya pili vya dunia, Jamaika na Punjab, ulibaki na sauti iliyohesabiwa kuwa ya karakana.

Sauti hiyo ilipofika kortini ilikuta jopo, yaani raia wanaoamua kama mshtakiwa ana hatia, ambalo hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970 lilichaguliwa kwa sharti la umiliki au upangaji wa nyumba yenye thamani fulani, hivi kwamba kibarua alisikilizwa, kwa kawaida, na watu wasio wa tabaka lake.

Mwaka 2002 mtafiti John Dixon na wenzake wawili walichapisha utafiti ambamo watu 119 walisikiliza kanda ya mtuhumiwa akihojiwa na askari polisi. Walitumia mbinu iliyoasisiwa Montreal na Wallace Lambert, ya mtu mmoja kuigiza lafudhi mbalimbali, ili kinachobadilika kiwe lafudhi na si msemaji. Mtuhumiwa alikana shtaka, lakini alipokana kwa lafudhi ya Birmingham alionekana mwenye hatia zaidi kuliko alipotumia lafudhi sanifu, na shaka ilizidi alipotajwa kuwa mweusi tena anayetuhumiwa kwa unyang'anyi wa kutumia silaha, si kwa ulaghai wa hundi.

Ni kweli kwamba wasikilizaji hao hawakuwa wanajopo walioapishwa. Hata hivyo jopo la England halitoi sababu za uamuzi wake, na rufaa kwa kawaida hutegemea nakala ya maandishi ya mwenendo wa kesi, hivyo jaji wa rufaa husoma alichosema mshtakiwa bila kusikia alivyokitamka.