Katanga ya 1960: hakuna aliyeitambua, lakini biashara iliendelea



Tarehe 11 Julai 1960, Moïse Tshombe alitangaza kwamba Katanga imejitenga na Kongo. Hakuna serikali hata moja iliyoitambua, hata Ubelgiji. Lakini shaba haikungoja balozi. Kampuni ya Union Minière iliendelea kuchimba, na ushuru uliopashwa kuingia Léopoldville ukaingia kwa Tshombe. Pesa hiyo njo ilisaidia kulipa mamluki.

Mzigo walibeba raia. Mwaka 1961, makumi ya maelfu ya watu, wengi wao Waluba, walikimbilia kambi iliyolindwa na Umoja wa Mataifa pale Élisabethville. Mwaka 1962 walianza kurudishwa Kasai na kaskazini ya Katanga. Januari 1963 utengano ukaisha. Kampuni ilibaki na migodi yake mpaka ilipotaifishwa mwisho wa 1966.

Sisi tunaosindikiza wanaorudi tunajifunza hivi: tusiulize tu nani ametambuliwa, tuulize pia nani anakula ushuru. Hata leo, mtu anayesimamisha mama mwenye gunia la mihogo kwenye bariere hana barua ya nchi yoyote. Lakini analipwa, na kesho atakuwa pale pale.