Kabla ya Altezza Yako: Magari ya Spoti ya Zamani, Njia ya Momela na Mafundi Ambao Picha Hazikuwataja

Jumapili asubuhi, Usa River, saa moja kasoro. Hiace za Moshi na Arusha zinapishana, kina mama wanapanga ndizi, halafu ghafla inasikika sauti ambayo sio ya Noah wala Probox. Nzito, ina mkwaruzo kidogo, inapanda na kushuka kama mzee anayesafisha koo kabla ya kuongea. Watu wanageuka. Gari la chini, boneti refu, milango miwili tu, linakata kushoto kuelekea Momela. Bodaboda mmoja anatoa simu fasta. Hajui ni gari gani, ila anajua kabisa kwamba hilo sio la kila siku.

Wengi wakiona gari kama hilo wanadhani ni mbwembwe za mzungu fulani au mtoto wa kishua aliyechoka na Harrier. Kumbe ukanda huu wa Meru na magari ya mbio ni marafiki wa siku nyingi, tangu babu zetu wakiwa vijana.

Turudi 1953. Elizabeth wa Pili anatawazwa kule London, na huku Afrika Mashariki wapenda magari wanaamua kusherehekea kwa namna yao: mashindano ya kuzunguka Kenya, Uganda na Tanganyika. Wakayaita Coronation Safari. Magari yalikuwa yale yale ya dukani, na mwanzoni yaligawanywa kwa makundi kulingana na bei yake. Hakukuwa na uwanja wala uzio. Ni vumbi, tope, mito iliyofurika na twiga anayekatiza barabara bila kuomba ruhusa. Upande wa Tanganyika kulikuwa na vipande vilivyoogopwa, kama mpando wa Magara kwenda Mbulu, ambako mvua ikinyesha hata ng'ombe anafikiria mara mbili. Ikafika 1960, jina likawa East African Safari. Kufikia miaka ya 1970 ilikuwa imeingia kwenye ligi kubwa za dunia.

Na hapo hapo Momela, mwishoni mwa 1960 na mwanzoni mwa 1961, kulikuwa na sinema. Howard Hawks alikuja na John Wayne kupiga filamu ya Hatari!, iliyotoka 1962, Tanganyika ikiwa tayari huru. Wengi wanaikumbuka kwa vifaru na tembo wadogo. Mpenda magari anaikumbuka kwa kitu kingine: mhusika aliyechezwa na Mjerumani Hardy Krüger, jamaa anayeitwa Kurt, ni dereva wa magari ya mbio. Yaani Hollywood ilipotaka dereva wa mbio awe mtu wa kuaminika porini, ilimweka chini ya Mlima Meru. Krüger mwenyewe alipapenda mahali hapo hadi akanunua shamba na kuendesha loji, akakaa mpaka miaka ya 1970.

Sasa kwenye magari yenyewe. Ukimuuliza kijana wa leo gari gani la zamani lilitesa, atakutajia Peugeot 404 ya babu yake, na hajakosea. Bert Shankland, Mskoti aliyekuwa akiishi Dar es Salaam, alishinda Safari 1966 na 1967 na Peugeot 404, akiwa na msoma ramani wake Chris Rothwell. Huyo alikuwa mtu wa hapa Tanzania, wadau, ingawa mtaani hakuna anayemtaja. Lakini 404 ni gari la familia. La spoti lenyewe lilikuja baadaye kidogo, kutoka Japani.

Datsun 240Z ilizinduliwa 1969. Silinda sita kwenye mstari mmoja, injini ya lita 2.4, kabureta mbili, uzito kama tani moja tu. Wazungu walikuwa wamezoea kwamba gari la spoti lazima liwe la Kiingereza, Kijerumani au Kiitaliano, liwe ghali, na likuharibikie kila wiki. Datsun ikaja na bei ya mtu wa kawaida na moyo wa punda. Mwaka 1971 Edgar Herrmann alishinda Safari nayo. Mwaka 1973 ikarudia, safari hii kwa mkono wa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, ambaye familia yake ilikumbwa na fukuzafukuza ya Idi Amin mwaka mmoja tu kabla. Na alishinda kwa tundu la sindano: yeye na Msweden Harry Källström walimaliza wakiwa na pointi sawa za adhabu, ikabidi waangalie nani alikaa muda mrefu zaidi bila adhabu tangu mwanzo. Mehta akabeba. Baadaye akaongeza ushindi mwingine wa mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982.

Porsche 911 nayo ilijaribu. Nafasi ya 2 mwaka 1972, nafasi ya 2 tena 1974, na tena 1978. Gari zuri kuliko yote pale, na kombe halikuja. Shikilia hapo kwanza, tutarudi.

Ukiangalia picha za miaka hiyo utaona kitu kimoja. Gari limejaa tope, dereva anatabasamu, msoma ramani ameshika karatasi. Chini ya picha kuna majina mawili. Pembeni sasa, au amelala chini ya gari miguu ikitokeza, kuna mtu wa tatu na wa nne, wenye ovaroli na spana. Hao hawana majina. Walikuwa mafundi wa kampuni zilizouza magari Nairobi, Kampala, Dar na Arusha, wanatangulizwa porini na tairi, shokapu na madumu ya mafuta, wanasubiri usiku kucha. Gari linafika, wana dakika chache tu. Springi imekatika, rejeta inavuja, breki zimeisha. Wanafanya, gari linaondoka, wao wanabaki na mbu.

Tena kulikuwa na wakati fundi ndiye alikuwa dereva. Joginder Singh wa Nairobi alikuwa mtu wa gereji hasa. Mwaka 1965 yeye na mdogo wake Jaswant walichukua Volvo PV544 iliyokwisha kutumika, gari ambalo kampuni ilikuwa imelichoka, wakalifungua, wakalifunga upya, wakashinda Safari. Akashinda tena 1974 na 1976 na Mitsubishi Lancer. Kwa hiyo ukimsikia mtu anasema gari la mkono wa pili halina heshima, mpe hiyo habari.

Magari yale na ndugu zake yaliingia mikononi mwa watu. Walowezi wa mashamba ya kahawa, wafanyabiashara, madaktari, baadhi ya watoto wa mjini. Arusha spea zilikuwa zinatoka Nairobi. Unavuka Namanga asubuhi, unarudi jioni na pampu ya mafuta imefungwa kwenye gazeti. Halafu Februari 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikiwa inavunjika, Tanzania ikafunga mpaka. Ukabaki umefungwa mpaka Novemba 1983. Miaka sita na ushee!

Fikiria una gari la spoti Arusha 1978. Gasketi imeungua. Duka lililo nayo liko umbali wa saa chache tu, na huwezi kufika. Vita vya Kagera vinakula fedha za kigeni, bei ya mafuta duniani imepaa, serikali inazuia magari binafsi kutembea Jumapili kuanzia saa 8 mchana. Na Azimio la Arusha, lililopitishwa mji huo huo 1967, lilikuwa limeshabadilisha namna watu wanavyomtazama mwenye vitu. Gari jekundu la milango miwili lilikuwa linajibu maswali ambayo mwenyewe hakuulizwa. Wengine waliuza, wengine walifunika turubai nyuma ya nyumba, chini ya mparachichi, wakasema tutaona mbele.

Hapo ndipo fundi asiye na jina akawa mfalme. Gasketi ilikatwa kwa mkono kutoka kwenye karatasi ngumu. Bushi ilichongwa kwa raba ya tairi la lori. Kipande cha Peugeot kilipelekwa kwenye Datsun kwa kufailiwa mpaka kikubali. Gari moja lilichinjwa ili mengine mawili yaishi. Leo vijana wanaita hiyo ubunifu na wanaiandikia miradi. Wakati ule ilikuwa kazi ya Jumanne tu.

Mpaka ulipofunguliwa, na soko lilipoachiwa huru mwishoni mwa miaka ya 1980 na kuendelea, yakaja magari yaliyotumika kutoka Japani. Toyota zikajaa. Corolla, Mark II, halafu Altezza. Spea zikawa kila kona. Hii ilikuwa neema, ila kwa gari la zamani ilikuwa pigo la pili: nani ahangaike na kabureta wakati kuna injini inayojiwasha yenyewe bila kubembelezwa? Mwisho wa 2005 petroli yenye risasi nayo ikaondolewa Afrika kusini mwa Sahara. Kwa afya ni jambo jema kabisa, hakuna ubishi. Ila injini nyingi za zamani zilitengenezwa zikitegemea ile risasi kulinda siti za valvu, kwa hiyo mwenye gari la aina hiyo akajikuta anatakiwa kufungua silinda hedi na kubadilisha siti.

Wakati huohuo dunia ikaanza kuyatamani tena. Mwaka 2003, miaka 50 tangu ile ya kwanza, ikaanzishwa East African Safari Classic, ya magari ya kale peke yake. Ni mbio za Kenya, na baadhi ya miaka zimeingia Tanzania na kupita Arusha. Na ile Porsche? Björn Waldegård ndiye aliyekuwa wa 2 mwaka 1974. Mwaka 2011, akiwa na miaka 68, akirudi na mwanawe Mathias kama msoma ramani, alishinda Safari Classic ndani ya Porsche 911. Miaka 37 anasubiri! Alifariki 2014. Mwaka 2015 Stig Blomqvist naye akashinda na 911.

Sasa tuongee ukweli kwa mdau anayemezea mate. Kumiliki gari la spoti la zamani Arusha sio Instagram. Kwanza ni mwinuko. Mji uko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, kwa hiyo kabureta iliyosetiwa Dar itamwaga mafuta mengi kuliko hewa: gari litakohoa moshi mweusi na plagi zitakuwa kama zimepakwa masizi. Inabidi kubadilisha jeti, ziwe ndogo. Hata ukishaseti vizuri, injini inapoteza zaidi ya asilimia 10 ya nguvu zake, na hilo halina dawa labda uhamie Tanga. Pili ni kutu. 240Z ni maarufu kwa kuoza sakafu na pale betri inapokaa, na mvua za masika upande wa Meru hazina huruma. Rangi mpya inaficha vizuri sana, kwa hiyo usinunue gari bila kuinua kapeti. Tatu, kuingiza gari kuukuu nchini kuna ushuru wa ziada wa uchakavu, na TRA haijali kwamba wewe unaliita historia.

Lakini shida kubwa sio hizo. Spea unaweza kuagiza, ikafika na basi au ndege. Shida ni mkono. Kuseti kabureta mbili zipumue sawasawa ni kazi ya sikio. Fundi anaweka mpira mwembamba kwenye mdomo wa kabureta moja, mwisho wa pili sikioni, anasikiliza mvumo, anahamia ya pili, anazungusha skrubu robo mzunguko, anarudi ya kwanza. Haijaandikwa popote pale gereji. Kijana wa leo amefundishwa kuchomeka kompyuta na kusoma kodi, na hana kosa, ndiyo magari aliyoyakuta. Wanaojua ile ya sikio wamebaki wachache, wana miaka 70 na kitu, wamekaa kwenye benchi nje ya gereji za Unga Limited na Kilombero wakinywa kahawa, na masikio yenyewe yanaanza kugoma. Na magari yaliyokuwa chini ya miparachichi yanakatwa yanauzwa chuma chakavu kwa kilo.

Kule njia ya Momela lile gari la asubuhi limefika mahali ambapo barabara mbaya inaanza kugonga tumbo lake. Jamaa anapaki pembeni, Meru inajionyesha yote, mita 4,566, theluji hamna ila baridi ipo. Kushoto kwa dereva, sio siti ya mtoto wala ya demu, ameketi mzee mwenye kofia ya sufi. Tangu Usa River hajasema kitu. Anashuka taratibu, anafungua boneti, anainamisha kichwa.

"Gia ya tatu ilikuwa inakosa pumzi," anasema. "Washa tena."