Kadhi, Askofu na Hoja Waliyokubaliana

Mtu akitoka kwenye majumba ya maendeleo ya Michenzani, Unguja, akavuka Darajani na kuingia Mkunazini, haichukui muda kulifikia kanisa kuu la Kianglikana. Hapo ndipo lilipokuwa soko la watumwa hadi lilipofungwa mwaka 1873. Aliyelijenga kanisa hilo, Askofu Edward Steere, anakumbukwa zaidi kwa vitabu vyake vya Kiswahili. Wachache wanajua kwamba mwaka 1856, kabla hajaiona Unguja, kijana huyo aliyesomea sheria alichapisha insha juu ya kuwepo kwa Mungu na sifa zake.



Steere alifika Unguja mwaka 1864. Kama alidhani atawafundisha watu kuthibitisha kwa akili kwamba Mungu yupo, alichelewa kwa karne kadhaa. Wanavyuoni wa Kishafi wa pwani walikuwa na elimu ya tauhidi na mantiki, na mmoja wao, Sheikh Abdul Aziz al-Amawi, mzaliwa wa Barawa, alikuwa kadhi aliyeheshimiwa na masultani. Wawili hao walijadiliana sana kuhusu dini, lakini hawakuvunja ujirani: Sheikh alijitolea hata kumtafsiria Steere Zaburi kutoka Kiarabu. Kiswahili chake kilikuwa safi mno, cha kisomi.

Hoja ya kuwepo kwa Mungu waliyokubaliana ni fupi. Kila kilichoanza kuwepo kina kilichokianzisha. Ulimwengu ulianza kuwepo. Basi una aliyeuanzisha. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliitetea dhidi ya wanafalsafa waliosema ulimwengu ni wa milele. Mwanafalsafa Ibn Sina alikuwa amepita njia nyingine: vitu vyote tuvionavyo vingeweza visiwepo, kwa hiyo lazima pawe na Mmoja ambaye kuwepo kwake ni wajibu, hakutegemei kingine. Kwa hoja hizi askofu na kadhi hawakuwa na la kugombania. Ugomvi ulianzia mbele kidogo, kwenye Utatu na kwenye nafasi ya Nabii Isa, na huko mantiki peke yake haikumaliza kesi.

Baada ya wote wawili kufariki, Steere mwaka 1882 na Sheikh mwaka 1896, sayansi iliingia kati. Georges Lemaître, padri wa Ubelgiji aliyekuwa pia mwanafizikia, alionyesha mwaka 1927 kwamba ulimwengu unatanuka, kisha akapendekeza kuwa ulitokana na hali moja ya mwanzo. Waumini wengi wakashangilia. Papa Pius XII naye, mwaka 1951, aliuhusisha ugunduzi huo na uumbaji, na aliyeona tabu hasa ni Lemaître mwenyewe, ambaye hakutaka nadharia ya fizikia igeuzwe ushahidi wa imani.

Mwaka 1979 Mmarekani William Lane Craig, Mkristo aliyeandika tasnifu yake Birmingham, Uingereza, alichapisha kitabu kilichofufua hoja ya Ghazali na kuiita kwa jina la elimu ya kalam, yaani teolojia ya Waislamu. Tangu hapo wapinzani wamekuwa wakiuliza kama kila tukio katika ulimwengu wa chembe ndogo kabisa lina sababu, na kama ulimwengu kweli ulikuwa na mwanzo. Watetezi wanajibu, na mjadala unaendelea vyuoni.